Bei, Gunia na Mizani: Tuliyoyasoma kuhusu Soko la Mahindi la Ufipa

 

Msimu mmoja wa mavuno, baada ya swala ya Ijumaa hapa Sumbawanga, alitujia mkulima kutoka upande wa Laela. Mwezi wa Januari alikuwa amepokea fedha kwa mfanyabiashara, kwa makubaliano kwamba mahindi yakishakauka atampa magunia kumi. Fedha zile zilikwenda kwenye mbolea na ada ya shule. Mavuno yalipofika, gunia likawa linauzwa karibu mara mbili ya alichopokea, na mwenye fedha akaja na magunia yake mwenyewe, yale marefu yanayoongezewa shingo na kushonewa kamba juu. Mkulima akatuuliza: Je, Sheria inamlazimisha kutoa? Na kama inamlazimisha, atoe kwa gunia la nani?

Tulimwomba atupe siku chache. Katika siku hizo tulirudi kwenye vitabu vya fiqhi, kama ilivyo wajibu wa mtu anayeulizwa. Lakini tulichukua pia vitabu na makala za wasomi wa vyuo vikuu walioandika juu ya historia ya uchumi wa nchi hii, juu ya mahitaji ya chakula na namna serikali zilivyolisimamia soko lake, maana mwenye kutoa fatwa bila kujua hali ya soko ni kama tabibu asiyemgusa mgonjwa. Tuliyoyakuta humo yametunufaisha, na pia yametuacha na malalamiko. Makala hii ni ya kueleza yote mawili.

Tuanze na mzee wao, Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1981 kitabu chake A State in the Making. Willis anaisimulia Ufipa ya kabla ya wakoloni, yenye dola mbili za Nkansi na Lyangalile, kuwa nchi ambayo watu wake walisifika kwa kilimo, amani na kubadilishana mali. Palikuwa na majembe yaliyofuliwa kutokana na chuma cha tanuru ndefu za udongo, ambazo mabaki yake yangalipo. Palikuwa na nguo zilizofumwa kwa pamba ya bondeni Rukwa. Palikuwa na ulezi uliolimwa kwenye matuta ya majani yaliyofukiwa, ufundi ambao maafisa kilimo wa baadaye walikuja kuusifu kana kwamba wameugundua wao. Faida kubwa ya kitabu hiki kwetu ni kwamba kinaivunja ile dhana, ambayo hata baadhi ya masheikh wetu wanayo, kuwa biashara uwanda huu ililetwa na misafara ya pwani. Wafanyabiashara Waislamu waliofika Kirando na Kasanga kwa njia ya ziwa walikuta watu wanaojua thamani ya kitu na namna ya kukadiria. Walileta dini na bidhaa za pwani. Soko walilikuta.

Tukiliacha zama hilo na kuingia katika karne ya mahindi, wasomi wanakuwa wengi na mambo yanakuwa magumu zaidi. Hapa tumemsoma zaidi Deborah Bryceson, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kiitwacho Liberalizing Tanzania's Food Trade, kinachofuatilia sera za soko la chakula tangu mwaka 1939 hadi 1988. Ni kitabu cha mtu aliyefanya kazi. Anaonesha jinsi udhibiti wa nafaka ulivyoanza kwa dharura ya vita vya pili vya dunia, serikali ya kikoloni ikihofia njaa ya mijini na kwenye mashamba ya mkonge, na jinsi dharura ile ilivyogeuka kuwa desturi. Baada ya uhuru ikaja bodi ya mazao ya mwaka 1963, kisha Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC, lililoundwa mwaka 1968 na kukabidhiwa ununuzi wa nafaka mwaka 1973. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mkulima akabaki na mnunuzi mmoja wa halali. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, ambayo wenye umri wetu hatuhitaji kitabu kuikumbuka. Mwaka 1984 kiwango cha nafaka ambacho mtu aliruhusiwa kusafirisha bila kibali kikapandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500, na miaka michache baadaye kikwazo hicho kikaondolewa kabisa. Bryceson aliwahoji wafanyabiashara wa nafaka wenyewe, na picha anayoitoa si ya majitu yaliyolimeza soko. Wengi walikuwa watu wa mtaji mdogo waliohangaika kutafuta gari na mzigo.

Haya yote tunamshukuru. Lakini msomaji aangalie maelezo ya kitabu yanayofuata jina lake: yanasema kuwa ni habari ya sera za soko la mijini. Swali lake linaanzia tumboni mwa mkazi wa Dar es Salaam, kisha linarudi nyuma kutafuta unga umetoka wapi. Anayekaa Sumbawanga anaanzia upande wa pili. Kwake yeye shida haijawa chakula kukosekana sokoni. Shida imekuwa chakula kujaa ghalani na mnunuzi kuja na masharti yake.

Chukua mfano wa bei moja ya nchi nzima. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliamua kuwa mkulima wa mahindi alipwe bei ileile popote alipo, awe karibu na Dar es Salaam au awe Namanyere. Gharama ya kusafirisha ikabebwa na shirika. Pamoja na mbegu bora na mbolea ya ruzuku, uamuzi huo ndio uliozifanya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kuitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Wachumi wengi wanauandika uamuzi huu katika daftari la makosa: shirika lilinunua mzigo mbali, likauza kwa hasara, likazama kwenye madeni ya benki. Kwa hesabu ya shirika ni kweli tupu. Frank Ellis naye, katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu bei za mazao Tanzania, alionesha kwa takwimu za serikali yenyewe kuwa thamani halisi ya kile alichopata mkulima mdogo nchini ilishuka katika miaka ya 1970, yaani dola ilimnyonya mkulima huku ikisema inamlinda. Na hilo pia hatulipingi. Ila ukiwauliza wazee wa hapa uwandani, watakwambia kwamba bei ile ndiyo iliyowafanya walime mahindi ya kuuza, na kwamba kilichowaumiza zaidi kilikuwa kungoja malipo. Mzigo ulichukuliwa, stakabadhi ikatolewa, na fedha zikaja baada ya miezi. Mtume (s.a.w.) ameihesabu tabia ya mwenye uwezo kumzungusha anayemdai kuwa ni dhulma. Katika jedwali la mchumi bei ya mwezi Juni ni bei tu, hata ikilipwa Machi. Katika fiqhi hiyo ni kadhia nyingine kabisa.

Hapa ndipo ulipo msingi wa malalamiko yetu. Utafiti huu, kwa tofauti zake zote, umegawanyika katika kambi mbili zinazobishana juu ya jambo moja: nani apange bei, serikali au soko? Kambi ya kwanza inasema udhibiti ulilinda wanyonge. Ya pili inasema udhibiti uliwaua. Zote mbili zinachukulia kwamba tukishajua gunia limeuzwa shilingi ngapi tumejua kilichotokea. Wanachuoni wetu waliuliza maswali mengine kabla ya hilo. Gunia ni kiasi gani? Limeuzwa lini, likiwa kitu kilichopo au ahadi? Muuzaji alikuwa anajua bei ya mjini? Alikuwa na mtu mwingine wa kumuuzia? Maswali haya ndiyo yaliyokuwa kazi ya muhtasibu sokoni kwa karne nyingi. Maqrizi, aliyeandika juu ya njaa na upandaji wa bei nchini Misri, alikuwa amewahi kuwa muhtasibu wa Cairo. Ndiyo maana alipotafuta sababu hakuishia kwenye mto Nile kupungua maji, bali alikwenda hadi kwenye vyeo vilivyonunuliwa kwa rushwa, kodi za ardhi na sarafu za shaba. Na Ibn Khaldun aliandika wazi madhara ya mtawala kujifanya mfanyabiashara: hakuna wa kushindana naye, hununua kwa bei aitakayo, na raia hukata tamaa ya kuzalisha. Mtu angedhani alikaa kwenye kituo cha ununuzi cha NMC.

Lakini tusiwasute wengine tukajisahau. Kwetu pia mjadala umeharibika. Kila bei inapopanda au kushuka, husimama mhadhiri akasoma hadithi ya Anas (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi: bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awawekee bei, akakataa, akaeleza kuwa Mwenye kupanga bei ni Allah na kwamba anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Basi mhadhiri anahitimisha kuwa serikali haina kazi sokoni. Mwingine anajibu kwa Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walioona kuwa bei inaweza kupangwa wafanyabiashara wanapohodhi mahitaji ya watu, naye anahitimisha kuwa serikali ipange kila kitu. Wote wawili wamekata maneno katikati.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi amelieleza suala hili kwa utaratibu katika Rawdha. Kauli sahihi ni kuwa kupanga bei ni haramu wakati wote. Kauli ya pili inajuzisha wakati wa ughali, wala si wakati wa rahisi, na inahusu vyakula. Kisha anaongeza kwamba imamu akishapanga, anayevunja amri anastahiki kutiwa adabu, ingawa mauzo yake husihi. Angalia upana wa maneno haya: kanuni, upande wa pili wa rai, mpaka wake, na hukumu ya mtu aliyekwishakutwa na amri. Na kuna kisa cha Umar (r.a.) na Hatib bin Abi Balta'a kilichomo katika Muwatta, ambacho tunashangaa hakisomwi sana huku kwetu. Umar alimkuta Hatib akiuza zabibu sokoni, akamwambia apandishe bei au aondoke katika soko lao. Na katika mapokezi ya Imamu Shafi, Umar baadaye alimfuata nyumbani kwake na kumweleza kuwa ile haikuwa amri. Aliitakia kheri nchi, basi auze apendavyo.

Tazama kwamba Umar hapa alikuwa akizungumzia bei kuwa chini. Hadithi ya Anas ni kilio cha wanunuzi kwa bei ya juu. Ufipa kilio kikubwa ni cha wauzaji, nacho ni kilio cha bei ya chini. Anayechukua hadithi ya walaji wa Madina na kuishusha moja kwa moja juu ya wakulima wa Laela bila kuliona hilo amefanya kosa lilelile tulilomlaumu mchumi: ameanza na tumbo la mjini.

Mfano wa karibu ni makatazo ya kuuza mahindi nje ya nchi. Mwaka 2011 serikali ilizuia, na mwaka 2017 ikazuia tena, kwa hoja kwamba nchi isije ikakosa chakula. Xinshen Diao na Adam Kennedy walichapisha mwaka 2016 utafiti uliopima athari za makatazo ya aina hiyo kwa uchumi mzima wa Tanzania, wakakuta kuwa bei ya mkulima hushuka, mkazi wa mjini hunufaika kidogo, na maskini wa vijijini ndio wanaoubeba mzigo. Sisi tulio kwenye njia ya Tunduma na karibu na mpaka wa Kasesya hatukushangaa. Baada ya amri ya 2017 bei ilianguka, mahindi yakakaa majumbani, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioundwa mwaka 2008 na wenye maghala hapa Sumbawanga, hauwezi kununua zaidi ya fedha na nafasi ulizonazo. Utafiti huu tunaukubali. Hata hivyo ni utafiti wa mlinganyo: ndani yake kuna mkulima mmoja wa wastani, mlaji mmoja wa wastani, na mahindi yanayopita kati yao bila ya mkono wa mtu. Dalali hayumo. Gunia lenye shingo halimo. Mtu aliyeuza Januari mahindi ya Julai hayumo, naye ndiye ambaye bei ikipanda hapati kitu, na ikishuka hapotezi kitu zaidi, kwa sababu mahindi yake si yake tena. Ukifungua mpaka bila kumtazama mtu huyu, faida ya mpaka ulio wazi itakwenda kwa aliyemkopesha.

Na hilo la gunia si jambo dogo la kuachiwa maafisa. Gunia la mahindi linajulikana kuwa la kilo 100, kama debe sita. Lumbesa hubeba la saba na zaidi, kwa bei ya gunia moja. Sheria ya nchi inakataza kufungasha mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002. Kila mwaka viongozi wanaipiga marufuku lumbesa, na kila mwaka inapita barabarani mchana. Sasa, mtafiti anayeandika kwamba bei ya gunia Ufipa ilikuwa kiasi fulani mwaka fulani anazungumzia gunia lipi? Kosa la sehemu moja kwa sita kwenye kipimo linaweza kumeza mabadiliko yote ya bei ambayo jedwali lake linajaribu kuyaeleza. Allah (s.w.) ameteremsha sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, na watu wa Nabii Shuaib (a.s.) walionywa kwa kipimo na mizani. Lumbesa ni upunjaji wa mnunuzi anapojipimia, nao ndio uliotajwa mwanzoni mwa sura ile: wakipokea kwa watu hutaka kujaziwa. Ndugu zetu wa Mtwara wanaijua dhulma hii kwa jina la kangomba katika korosho, na wa Kagera wanaujua ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini kwa jina la butura. Majina ni tofauti, mlango ni mmoja.

Baadhi ya wanafunzi wetu, wakisikia habari hizi, huikimbilia hadithi ya kukataza kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni. Tunawataka wachunge. Waliotajwa mle ni wenye mali wanaokuja mjini wasijue bei, na Sheria imewapa hiari ya kuvunja mauzo wakifika sokoni na kukuta wamepunjwa. Mfanyabiashara anayemfuata mkulima kijijini haingii moja kwa moja katika tamko hilo. Lakini sababu ya katazo, ambayo ni kutumia ujinga wa mtu juu ya bei, huenda ikawepo. Siku hizi mkulima mwenye simu anaweza kuuliza bei ya Tunduma kabla ya kufungua mdomo, basi sababu hiyo imepungua kwa mwenye simu na imebaki kwa asiye nayo. Hukumu isitolewe kwa jumla.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Alichofanya Januari kwa umbo lake ni salamu, nayo ni biashara halali: fedha hutangulizwa, bidhaa huchelewa. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wanaifanya kwa matunda ya mwaka na miaka miwili, akaikubali kwa sharti la kipimo maalumu, uzito maalumu na muda maalumu. Kwa hiyo kupanda kwa bei peke yake hakumpi mkulima ruhusa ya kukimbia. Bei ingeshuka, mfanyabiashara naye asingeruhusiwa kudai fedha zake. Hili tulimwambia wazi, na halikumfurahisha.

Kisha tukawaita wote wawili tukauliza masharti. Muda ulikuwa mahindi yakishakauka, bila mwezi. Mahindi yalikuwa ya shamba lake la bondeni, kwa kulitaja. Gunia halikutajwa ukubwa. Mfanyabiashara alisema ni gunia linalojulikana, mkulima akasema linalojulikana ni la debe sita. Basi masharti yote yalikuwa yamevunjika. Katika Minhaji, Imamu Nawawi anaeleza kuwa kuainisha chombo cha kupimia kisichokuwa cha desturi kunaiharibu salamu, na kwamba matunda yakihusishwa na kijiji kidogo haisihi, kwa kuwa huenda yasipatikane. Sembuse shamba la mtu mmoja. Tulilipeleka gunia la mfanyabiashara kwenye mizani lijazwe. Lilipita kilo mia kwa zaidi ya kilo ishirini.

Tukahukumu kuwa mkataba ni fasidi, na kwamba mkulima anarudisha fedha zilezile alizopokea, bila nyongeza na bila pungufu. Hakuwa nazo. Wakakubaliana upya, mbele yetu, auze kwa bei ya siku ile kwa kilo na kwa mizani, alipe deni lake, na yanayobaki yawe yake. Yakabaki.

Kabla ya kuondoka akauliza jambo la mwisho: anaweza kuyaweka mahindi yaliyobaki mpaka Februari, bei itakapopanda, au atakuwa mhodhi ambaye Mtume (s.a.w.) amemwita mkosaji katika hadithi ya Muslim? Tukamjibu kwa aliyoyaeleza Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Muslim, kuwa uhodhi uliokatazwa ni kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili kipande zaidi, na kwamba aliyeletewa chakula kutoka kijijini kwake, au aliyenunua wakati wa rahisi akaweka, hayumo, ila watu wakifikwa na dhiki naye anacho, hapo atalazimishwa kuuza. Akauliza dhiki hiyo inapimwaje. Tukamwambia aje Februari tuitazame pamoja.